Tuliyemjua kwa Sauti Tu

Maretadu, Mbulu
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umekaa, usiwe umesimama jikoni, maana ni ndefu na ninalijua goti lako. Linaendeleaje? Editha aliniambia kwamba siku hizi unashuka shambani na fimbo, simu ikakatika kabla hajanieleza kama fimbo ni ya kuegemea au ya kufukuzia ngedere. Kahawa mmemaliza kuchuma? Na mjukuu wako ameshaota meno, au bado anawatafuna kwa fizi?

Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea, asubuhi ukungu unalala juu ya maharage ya watu mpaka saa nne, nami siulizi tena jua liko wapi. Wanafunzi wangu wanakuja na viatu mkononi kwa sababu ya tope, wanaviosha kisimani ndipo wanaingia darasani. Kazi inakwenda. Moyo ndio hauko sawa, Mama, na ndiyo sababu umekaa muda mrefu hunisikii. Kila nikishika simu nilijua sauti yangu itanisaliti, utaanza kuuliza, na mtandao utakatika nikiwa katikati ya kujibu. Jambo hili sikutaka likatwe katikati. Kuna mwalimu mwenzangu anakwenda likizo huko kwetu, nimempa bahasha hii mkononi. Mwambie Editha akusomee taratibu na asiruke mahali, hata penye kuniaibisha.

Uliwahi kuniuliza kwa nini Jumamosi alasiri sipatikani, nikakujibu nina kikao. Hukuuliza kikao cha nini. Hakikuwa kikao. Ni mchezo. Usishtuke, si kamari.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akitusimulia hadithi na Editha anamkatiza? Bibi akisema msichana akaingia pangoni, Editha anadakia, "Mimi nisingeingia, ningerusha jiwe kwanza nisikie." Bibi alikuwa anakasirika kweli. Basi sisi kwenye mchezo wetu tunamwachia anayekatiza. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, na yeye ndiye anayesema mtu wake atafanya nini. Penye hatari tunarusha dadu kwenye simu, namba inaamua kama amevuka au ameanguka. Hakuna anayeshinda. Mnakwenda tu na hadithi, wiki hata wiki. Yule anayesimulia wenzetu wa mbali wanamwita gemu masta. Kwenye kundi letu wananiita Msimulizi. Ni kazi ya kujitolea, naifanya mwaka wa pili sasa.

Utauliza kwa nini mwalimu mzima anacheza. Nilipoletwa huku nilikuwa sijui neno la Kiiraqw hata moja. Watu ni wema, ila wakikaa wenyewe wanaongea lugha yao, na ni haki yao. Walimu wenzangu wana familia. Jumamosi nikishafua nilikuwa nakaa kitandani natazama ukuta. Mtu niliyesoma naye chuo akaniingiza kwenye kundi, nikacheza miezi michache, msimulizi wao akajifungua akaacha, wakaniomba nishike. Nilishika kwa sababu walikuwa wananingojea. Kwa siku moja kwenye wiki kulikuwa na watu wanaoningojea.

Mezani kwangu walikuwa wanne. Tunaita meza, ingawa meza yenyewe haipo, kila mtu yuko kwake na simu yake. Hatukujuana majina. Hiyo ilikuwa sheria yangu, Mama, na ndiyo inayonitafuna. Katika meza ya msimulizi mwingine, mwanaume mmoja alimfuatilia binti waliyecheza naye mpaka mlangoni kazini kwake. Binti akaogopa, akaacha kazi. Niliposikia hivyo nikasema kwangu hakuna jina la kweli, hakuna mahali unapofanya kazi, hakuna picha. Kila mtu aitwe jina la mtu wake wa kwenye hadithi. Na nikaongeza kwamba tukishaanza, mambo ya nje yabaki nje. Wote walikubali. Walisema ni sheria nzuri.

Kati yao alikuwepo dada mmoja tukimwita Mwewe. Alikuwepo kaka mmoja tukimwita Kitasa. Wawili wengine sitawataja, wasikuchanganye.

Kitasa ndiye aliyefanya nipende kazi ile. Mtu wake alikuwa mlinzi wa lango aliyefukuzwa mjini, anatembea na wenzake kutafuta mji utakaompokea. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, na maneno mengine yalimtokea kooni kama yanavyowatokea watu wa huku. Nikajua si wa mbali. Mara moja aliteleza akataja mnada wa Katesh, kule chini ya mlima Hanang, akacheka, akasema, "Futa hilo, Msimulizi." Na nyuma ya sauti yake, kabla hatujaanza, ilikuwa inasikika mashine ya kusaga. Inanguruma, kisha inazimwa, kisha mlango wa bati unavutwa, kisha anasema, "Haya, nimefika."

Alikuwa na tabia moja. Nikitaja mtu yeyote kwenye hadithi, hata mpita njia, atauliza jina lake. Nikisema mnakutana na mama anauza maji, Kitasa anauliza, "Anaitwa nani? Ana watoto?" Nami nilikuwa sijamwandalia jina, nabuni hapo hapo. Wenzake walikuwa wanalalamika kwamba anachelewesha. Wiki tatu baadaye anamkumbuka yule mama kwa jina na kuuliza kama alifika salama.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Jumamosi ya mwisho kuwa naye, kulikuwa kumenyesha siku nyingi. Wewe mwenyewe ulinipigia kuniuliza kama nyumba inavuja. Tulianza kama kawaida, na katikati, mahali ambapo Mwewe alikuwa anapanda ukuta na dadu iko mbioni, Kitasa akaingia na sauti. Akasema, "Msimulizi, samahani. Huku kwetu mvua haijakata tangu juzi, na mlima siupendi leo. Maji ya korongoni yamebadilika rangi. Nilitaka tu..."

Nikamkatiza. Nikamwambia, "Kitasa, ya nje yabaki nje. Mwewe yuko ukutani." Nilisema kwa kucheka, lakini nilimkatiza.

 Kisha akasema, "Sawa. Samahani, Mwewe. Panda, nimekushikia ngazi."

Tukaendelea mpaka mwisho. Akaaga kama siku zote.

Siku mbili baadaye, alfajiri, tope likashuka kutoka mlima Hanang. Najua mlisikia redioni, Baba mdogo alinitumia ujumbe kuuliza kama niko karibu. Nilimjibu niko mbali, na ni kweli, ni wilaya nyingine. Ofisini kwetu walimu walikuwa wanaoneshana picha kwenye simu, magogo na mawe yamelala barabarani, nyumba zimejaa tope hadi dirishani. Nilimkumbuka Kitasa palepale. Lakini nikajiambia Hanang ni kubwa, mlima una pande nyingi, na mtu wa mashine hawezi kukosa pa kukimbilia. Nilimtumia ujumbe mmoja. Ukaonesha tiki moja tu, haukumfikia. Nikasema umeme umekatika kwao. Nilingoja mpaka Jumamosi, Mama. Siku tano nzima nilikaa na kisingizio.

Jumamosi hakutokea. Tulikaa wanne kwenye simu tunasikilizana pumzi. Mwewe ndiye aliyeuliza.

"Msimulizi, wewe uko wapi?"

Nikataka kumwambia sheria. Nikajisikia aibu. Nikamjibu, "Niko Mbulu."

"Mbulu na huko kwenye tope ni mbali?"

"Si mbali sana."

"Mimi niko Tanga," akasema. "Huyu mwenzetu mwingine yuko Mwanza, ameniambia. Wewe ndiye uliye karibu. Nenda ukamtafute."

Nikamwambia, "Nitamtafuta kwa jina gani?"



Wakati huo huku kijijini watu walikuwa wanachanga. Kila kaya iliyoweza ilitoa debe la mahindi au maharage, na hata mama mwenye nyumba wangu, ambaye shamba lake lilioza kwa maji, alitoa shuka mbili. Nikamwendea mkuu wa shule. Sikumweleza habari ya mchezo, nilimwambia nina mtu wangu kule. Akasema, "Lori la mahindi linaondoka Jumanne asubuhi. Nenda nalo, vipindi vyako nitavigawa." Akaniuliza, "Ni ndugu?" Nikasema ndiyo. Sikujiona nimedanganya.

Tulipita Haydom, tukapita Basotu, na tulipoanza kuukaribia mlima hakuna aliyekuwa anaongea ndani ya lori. Ulikuwa umesimama pale kijani kibichi, mzuri, na ubavuni kuna michirizi mirefu myekundu kama mtu aliyekwaruzwa. Chini yake ndiko watu walikokuwa wanaishi. Harufu ndiyo sitaisahau, Mama. Ni harufu ya udongo mbichi kama wa kaburi linalochimbwa, ila iko kila mahali, na ndani yake kuna harufu nyingine.

Waliopoteza nyumba walikuwa wamewekwa shuleni. Madarasa yamejaa magodoro, nje kuna maturubai, kina mama wanapika uji kwenye masufuria makubwa. Nikaanza kuuliza. Kuna mzee mmoja aliyekuwa anaandikisha watu kwenye daftari, nikamwamkia, nikamwambia namtafuta mwanaume mwenye mashine ya kusaga.

"Anaitwa nani?"

"Simjui jina, mzee wangu."

Akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hapa kila mtu ana anayemtafuta. Wewe unamtafuta usiyemjua?"

"Namjua sauti."

Alinitazama sana. Akasema mashine zilikuwa nne upande ule, na mbili hazipo tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nitalikumbuka mpaka nife. Nilikuwa na sauti zake zote kwenye simu, maana kundi linazitunza. Nikachagua moja iliyo safi, isiyo na kelele za mashine. Sikufikiria maneno yake. Nikaongeza sauti mpaka mwisho ili mzee asikie. Kitasa akasema, katikati ya watu wale, "Mwewe, acha kunifokea. Mimi sijakataa kwenda. Nimesema tule kwanza. Safari ya kufa haiendwi na njaa." Kisha akacheka, kile kicheko chake.

 Mwanamke mmoja aliyekuwa anakoroga uji akaachia mwiko. Akasema, "Huyo ni Elibariki."

Na kabla sijazima, mtoto wa kike, miaka sita hivi, akatoka chini ya turubai anakimbia. Akanishika mkono, akaigeuza simu akatazama nyuma yake, kisha akaigeuza tena mbele. Akauliza, "Baba yuko wapi?"

Niliizima simu, Mama.  Mtu mwingine ndiye aliyekuja kumbeba.

Elibariki. Ndivyo alivyokuwa anaitwa. Mwaka na zaidi nilikuwa naongea naye, jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mpika uji.

Kaka yake alikuja, anaitwa Tluway, mtu mrefu mwenye bandeji mkononi. Akanipeleka pembeni kwenye ukuta wa darasa, akanieleza kwa kifupi. Alfajiri ile maji yalianza kuingia kwenye chumba cha mashine. Ndani kulikuwa na magunia ya watu yanayongoja kusagwa. Elibariki akasema anakwenda kuyapandisha juu ya mabenchi, mkewe akamkataza, akasema ni dakika chache tu, mahindi ya watu hayawezi kuloa. Tope likaja akiwa ndani. Mkewe na mtoto waliokolewa juu ya paa la jirani. Yeye walimpata siku ya tatu, na walimzika siku hiyo hiyo.

Nikalia. Tluway aliniacha nilie. Kisha akaniuliza, "Wewe ni nani?"

Nikamwambia, "Naitwa Skolastika, ni mwalimu, niko Maretadu. Tulikuwa tunacheza mchezo wa hadithi kwenye simu. Yeye alinijua kama Msimulizi."

Uso wake ukabadilika. Akasema, "Ngoja hapa." Akarudi na mwanamke mwembamba, mchanga kuliko mimi, amejifunga shuka mabegani. Mama Neema, mke wa marehemu. Nikamwambia pole. Badala ya kuitikia akaniuliza:

"Wewe ndiye Msimulizi?"

"Ndiyo, Mama Neema."

"Kila Jumamosi saa tisa," akasema. "Anazima mashine, anafunga mlango wa bati, anaongea na simu mpaka jua linashuka. Nikimuuliza, anasema ni mchezo. Nikaiona simu yake siku moja, imeandikwa Msimulizi. Nikaweka sikio mlangoni nikamsikia anacheka. Nyumbani hacheki hivyo." Akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Nilijua utakuja. Wanawake wa namna yako huwa wanakuja msibani."

Mama, unanijua. Maishani mwangu sijawahi kuambiwa neno kama lile, na nilikuwa sina la kujitetea, maana nani angeamini? Mwanamke ametoka wilaya nyingine, amekuja kwa lori, anamtafuta mume wa mtu, na hata jina hamjui. Wale kina mama wa uji walikuwa wamegeuka wote. Nikasema, "Mama Neema, naapa, sikuwahi hata kumwona sura. Zipo sauti zote. Sikiliza mwenyewe."

Akasema, "Fungua zote."

Tukaingia kwenye darasa moja, mimi, yeye na Tluway. Tukakaa kwenye dawati la wanafunzi. Nikaanza za mwanzo kabisa. Simu ilipokaribia kuisha chaji Tluway akaenda kutafuta mahali pa kuchaji, tukangoja, tukaendelea. Mama Neema alisikiliza bila kutikisika. Alimsikia mumewe akibishana na Mwewe, akimuuliza mama muuza maji jina lake, akiimba wimbo wa walinzi alioutunga mwenyewe. Mahali pengine Tluway alicheka, akaziba mdomo kwa ile bandeji. Mama Neema hakucheka. Baada ya muda mrefu akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, ni kama kwa dawati, "Hakuwa na mwanamke."

"Hakuwa na mwanamke," nikasema.

"Ningependa angekuwa naye. Mwanamke ningemwelewa." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Mimi alikuwa ananiambia habari ya mkanda wa mashine na bei ya dizeli. Nyie watu msiomjua hata jina ndio alikuwa anawapa haya."

Nilitaka kumwambia kwamba watu wako hivyo, kwamba hata mimi wewe mama yangu nilikuficha. Nikaona si mahali pake.

Ikabaki ile Jumamosi ya mwisho. Niliijua inakuja. Kidole changu kilikuwa juu ya simu na ningeweza kuiruka, wala wasingejua. Nikafikiri, huyu mama amedanganywa vya kutosha na ukimya. Nikaiacha icheze. Wakamsikia akisema mlima siupendi leo, maji ya korongoni yamebadilika rangi, nilitaka tu. Wakanisikia na mimi, na kile kicheko changu.

 Nje mtu alikuwa anaita majina ya watu wa kupokea blanketi.

"Alitaka kusema nini?" Mama Neema akauliza.

"Sijui."

"Hujui kwa sababu ulimnyamazisha."

"Ndiyo."

Tluway akasema, "Shemeji, sisi wote tuliuona mlima. Wote tulilala."

 Mama Neema alikaa ananitazama, na macho yake hayakuwa na hasira tena, na hasira ingekuwa afadhali. Kisha akasimama, akasema, "Neema hajala." Mlangoni akageuka. "Simu yangu na yake zote ziko chini ya tope. Sina picha yake, sina kitu. Hizo sauti usizifute. Neema akikua nitakutafuta. Wewe usinitafute."

Nikasema sawa. Nimeziweka sehemu tatu, Mama, na moja iko kwa mkuu wa shule wetu, ambaye sasa anajua yote.

Tluway alinipeleka kaburini. Yapo mengi pale, ya siku moja, udongo bado haujashuka. Msalaba wake ni wa mbao za kreti, jina limeandikwa kwa makaa. Nilisimama nikasema sala. Walikuwa Walutheri, lakini nilisema ninayoijua. Naomba na wewe Jumapili umpe padri jina lake asome pamoja na marehemu wetu. Elibariki, Mama. Usilikosee.

Niliporudi niliwaita wale watatu, nikawaeleza kila kitu, hata lile la kumkatiza. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa angalau mmoja angenilaumu. Mwewe alilia mpaka akaacha simu wazi akaenda zake, tukawa tunasikia redio ya nyumbani kwake. Aliporudi akasema, "Mimi naitwa Zuhura. Nauza kwenye duka la dawa. Nina mume na mapacha." Yule wa Mwanza naye akataja jina lake. Wa tatu akasema yeye hawezi, ana sababu zake, akaaga kwa heshima na hajarudi. Nami sikumlaumu, maana yule binti aliyefuatwa kazini naye alikuwa mtu wa kweli.

Sasa tumebaki watatu. Bado tunakutana Jumamosi, lakini hadithi haijasogea. Mtu wa Kitasa yuko palepale chini ya ukuta, ameshika ngazi. Waliniuliza nitamfanyaje. Siwezi kumuua na siwezi kumpa mtu mwingine. Wiki mbili zimepita tunakaa tu tunaongea mambo ya nje, watoto wa Zuhura, biashara ya matairi ya yule wa Mwanza. Pengine tutaendelea na mchezo, pengine ndiyo umekwisha hivyo. Nikisikia mvua kwenye bati natoka nje nautazama mlima wa huku, ambao ni kilima tu cha kuchungia mbuzi, na bado nautazama. Darasani mwanafunzi akinikatiza sasa namwacha amalize. Hata akisema upuuzi, namwacha amalize.

Nisalimie wote. Editha mwambie asante kwa kusoma, na apumzike hapa anywe maji. Baba mdogo mwambie kweli niko mbali na mlima, asihofu, na asinitafutie uhamisho bila kuniuliza. Shangazi Kristina mpe pole ya macho, mwambie mafuta ya alizeti aliyoagiza nitayatuma kwa mtu wa kuaminika. Mzee Nchimbi, jirani yetu, msalimie na mwambie aipokee shikamoo yangu. Mjukuu wako mbusu miguu.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili Editha alisome mara mbili. Tumeandikiana majina yetu kamili, sisi watatu, na kila mmoja ametaja mtu mmoja wa nyumbani atakayepigiwa simu kama Jumamosi mbili zikipita hajaonekana. Mimi nimekuandika wewe. Najua namba ngeni huzipokei. Lakini siku moja ukipigiwa na mwanamke mwenye Kiswahili cha Tanga, au mwanaume wa Mwanza, akakuuliza habari za mtu anayeitwa Msimulizi, usidhani ni matapeli na usikate simu. Waambie nilipo. Kama sipo, waambie hivyo hivyo, usiwafiche, na jina langu lote uwatajie hata kama wanalijua. Ni watu wangu, Mama.

Mwanao,
Skolastika